Kukubali Tiba ya Kutuliza si Kusalimu Amri



Kilomita chache kutoka mji wa Gisenyi, upande wa barabara iendayo Musanze na Kigali, kuna kilima cha Nyundo. Mahali hapo panajulikana kwa kanisa kuu la jimbo Katoliki, kwa shule yake ya sanaa, na kwa mto Sebeya upitao bondeni. Wakazi wake wengi ni wakulima. Hebu tuchukue mfano, si wa mtu fulani tumjuaye kwa jina, bali wa hali ambayo yaweza kumkuta mtu yeyote wa vilima vile. Mama wa makamo, mlimaji wa viazi, amepatwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alianzia kituo cha afya, akapelekwa hospitali ya Gisenyi, na kutoka hapo akapelekwa mbali zaidi kwa matibabu makubwa. Sasa waganga wameona kwamba ugonjwa umeenea mwilini, na hakuna dawa iwezayo kuuondoa. Anaelezwa kwamba atarudi nyumbani, na huko atapewa tiba ya namna nyingine, tiba ya kutuliza maumivu na kumtunza. Mama anakataa. Anasema kwamba ametupwa. Mwanawe, ambaye ni askari katika kikosi kilicho mbali, apatapo habari hizo kwa simu, naye anasema vivyo hivyo: mama yangu ametupwa.

Maelezo yetu ya leo yanahusu neno hilo, kutupwa. Tutaeleza kwa nini mgonjwa wa saratani isiyoponyeka huikataa tiba ya kutuliza anapotajiwa mara ya kwanza, na ni kwa njia gani wengi huja kuikubali. Jambo hili lawahusu askari na polisi kuliko wengi wanavyodhani.

Yafaa kwanza tuelewe tiba yenyewe. Katika nchi za Kiingereza nyumba au shirika la kuwatunza wagonjwa wa namna hii huitwa hospisi, na ndugu zetu wa Tanzania huiita huduma yake tiba shufaa. Aliyeuweka msingi wa huduma hii katika zama zetu ni Cicely Saunders wa Uingereza, mwanamke aliyekuwa kwanza muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, na mwishowe daktari. Mwaka 1967 alifungua mjini London hospisi ya St Christopher's. Fundisho lake kubwa lilikuwa kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa si ya mwili peke yake. Kuna maumivu ya moyo ulio na hofu, kuna maumivu ya baba anayewaza nani atawalisha watoto, na kuna maumivu ya roho inayojiuliza kwa nini haya yamenipata mimi. Mganga anayeutibu mfupa tu na kuyaacha hayo mengine, hajamtibu mgonjwa.

Katika sehemu zetu za Afrika huduma hii ilifika Nairobi mwaka 1990, ilipoanzishwa Nairobi Hospice. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman, aliyefariki mwaka 2025, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, akiwa na fedha za kutosha miezi mitatu tu. Jambo la kuangaliwa ni kwamba hospisi hiyo haikujengwa iwe nyumba ya vitanda ambamo watu hulazwa wakingojea kufa. Wauguzi wake hufunga safari kwenda nyumbani kwa mgonjwa, wakichukua dawa na maarifa yao. Kwa hiyo tunaposema hospisi, msikilizaji asifikirie jengo. Afikirie watu wanaokuja.

Nchi ya Rwanda iliandika siasa yake ya taifa juu ya tiba ya kutuliza mwaka 2011, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kufanya hivyo. Mwaka 2012 kituo cha saratani cha Butaro kilifunguliwa katika wilaya ya Burera. Na mwaka 2019 tiba ya mionzi ilianza kutolewa Kanombe, mjini Kigali, katika hospitali ya jeshi. Askari wa Rwanda wanaposikia habari za saratani, basi, wasidhani ni habari za watu wengine. Nyumba ambamo mionzi hiyo ilianza kutolewa nchini ni nyumba yao.

Sasa tuulize: ikiwa huduma yenyewe ni njema, mbona mgonjwa huikataa?

Sababu ya kwanza ni maneno anayoambiwa. Mara nyingi mgonjwa na jamaa zake husikia kauli hii: hakuna la kufanya tena. Kauli hiyo si kweli. La kweli ni kwamba hakuna la kufanya ili ugonjwa uondoke, lakini yako mengi ya kufanya ili mgonjwa asiteseke: maumivu yatulizwe, kidonda kisafishwe kisitoe harufu, kichefuchefu kizuiwe, usingizi upatikane, na jamaa waonyeshwe namna ya kumgeuza kitandani. Mtu aliyeambiwa kwamba hakuna la kufanya, akaambiwa pia arudi nyumbani, atafahamu nini isipokuwa kwamba ametupwa?

Sababu ya pili ni ukweli unaofichwa. Jamaa wengi humwomba daktari asimwambie mgonjwa, kwa kuogopa kwamba habari ile itamwua kabla ya ugonjwa. Wafanyao hivyo hufanya kwa mapenzi. Hata hivyo mgonjwa huona. Huona nyuso zilizobadilika, husikia minong'ono ikinyamaza aingiapo chumbani, naye huujua mwili wake unavyodhoofu. Matokeo yake ni kwamba kila mtu katika nyumba anajua, na kila mtu anajifanya hajui, na mgonjwa anabaki peke yake katikati ya watu wake.

Sababu ya tatu ni hofu ya morfini. Wako wanaoamini kwamba mtu akipewa morfini amekwisha hukumiwa, au kwamba dawa hiyo itamharakisha kufa, au itamfanya kuwa mlevi wa madawa. Hofu hii imo kwa wagonjwa, imo kwa jamaa, na imo hata kwa baadhi ya waganga.

Sababu ya nne inawahusu hasa watu wa silaha. Askari amefundishwa kuvumilia. Amefundishwa kwamba kulia ni aibu na kurudi nyuma bila amri ni kosa. Akiugua yeye mwenyewe, husema kwamba maumivu ni madogo hata yakiwa yanamkata. Akiugua mzazi wake, hutaka vita viendelee mpaka risasi ya mwisho: apelekwe hospitali nyingine, iuzwe ng'ombe, liuzwe shamba, ivukwe mipaka. Tiba ya kutuliza huiona kama bendera nyeupe.

Hizo ndizo sababu za kukataa. Tuzitazame sasa njia za kukubali.

Mwaka 1969 daktari mmoja wa Marekani mwenye asili ya Uswisi, Elisabeth Kübler-Ross, alitoa kitabu kilichotokana na mazungumzo yake na wagonjwa mahututi katika mji wa Chicago. Alieleza kwamba moyo wa mtu aliyepewa habari ya kifo chake hupitia hali tano: kukana, hasira, kutaka mapatano, huzuni kubwa, na kukubali. Maelezo yake yalienea duniani kote. Lakini wauguzi wenye uzoefu watasema kwamba hali hizo haziendi kwa hatua kama askari katika gwaride. Mgonjwa aweza kukubali asubuhi, akakana jioni. Leo anazungumza juu ya mazishi yake kwa utulivu, kesho anauliza lini ataanza kulima. Wengine hawafiki kabisa kwenye kukubali, na hao nao wastahili kutunzwa mpaka mwisho bila kulazimishwa.

Hata hivyo kuna mambo ambayo, yakifanywa kwa mpango wake, humsaidia mgonjwa kufika. La kwanza katika hayo ni kutuliza maumivu. Haifai kumketisha mtu anayelia kwa uchungu na kumweleza mambo ya maisha na mauti. Mtu mwenye maumivu makali hana nafasi moyoni ya kuwaza jambo lolote isipokuwa maumivu hayo. Mpeni dawa kwanza. Akishalala usiku mmoja mzima, akaamka, akaomba uji, hapo ndipo huduma hii itakuwa imejieleza yenyewe kuliko maneno ya mtu yeyote. Wengi hawaikubali kwa kushawishiwa. Huikubali kwa kuionja.

La pili ni kuuliza kabla ya kusema. Mganga mwenye busara huanza kwa kumwuliza mgonjwa: wewe mwenyewe waufahamuje ugonjwa wako? Wataka kujua kiasi gani, na wataka nani awepo tunapozungumza? Mwingine atataka kujua yote. Mwingine atasema, mwelezeni mwanangu mkubwa. Wote wawili wamo katika haki yao. Ukweli hutolewa kidogo kidogo, kwa kadiri mgonjwa anavyouliza, tena hutolewa pamoja na ahadi ya kweli: hatuwezi kuuondoa ugonjwa, lakini hatutakuacha.

La tatu ni kwamba ahadi hiyo itimizwe. Ikiwa muuguzi alisema atakuja Jumanne, na Jumanne akaja, mgonjwa huamini. Ikiwa hakuja, maneno yote ya awali yamekuwa upepo. Katika vijiji vya Rwanda wamo wahudumu wa afya wa jamii, waliochaguliwa na wanakijiji wenzao, nao hujua kila nyumba na kila njia ya kilima. Mtu kama huyo akibisha hodi, mgonjwa haoni mgeni wala haoni ofisi, anaona jirani.

La nne ni jamaa kuwa na kauli moja. Mara nyingi mgonjwa amekwisha kukubali moyoni, lakini anaogopa kuwavunja moyo watoto wake, kwa hiyo anakubali safari nyingine na sindano nyingine kwa ajili yao. Anayezuia amani ya mgonjwa huenda akawa ndiye ampendaye zaidi, yule mtoto aliye mbali anayepiga simu na kuamuru kwamba apelekwe tena. Mtoto huyo, ndugu wasikilizaji, mara nyingi amevaa sare.

Hapa yatupasa kusema neno juu ya historia ya Rwanda. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wako wazee waliobaki bila watoto, bila ndugu, bila mtu wa ukoo. Nyundo nayo ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo watu waliokimbilia kwenye nyumba za kanisa waliuawa. Kumwambia mzee wa namna hiyo kwamba atatunzwa na jamaa yake nyumbani ni kumtonesha jeraha. Kwake yeye neno nyumbani lazima lipewe maana nyingine: majirani, waumini wenzake, watu wa kijiji, na serikali yenyewe. Hawezi kukubali huduma ya nyumbani mtu ambaye nyumbani kwake hakuna wa kumchotea maji.

Huenda msikilizaji akauliza: je, kuikubali tiba hii si kuyafupisha maisha? Mwaka 2010 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida peke yake. Kundi la pili lilipata matibabu hayo hayo pamoja na tiba ya kutuliza tangu mwanzo. Kundi la pili lilikuwa na maisha mema zaidi na huzuni kidogo zaidi, na wachache wao ndio waliopewa matibabu makali siku za mwisho. Zaidi ya hayo, waliishi muda mrefu zaidi: kwa kadiri ya miezi 11.6, ambapo wenzao waliishi kwa kadiri ya miezi 8.9. Uchunguzi mmoja wa mji mmoja hautoi ahadi kwa kila mgonjwa. Lakini watosha kuonyesha kwamba kutuliza si kuua, na kwamba hapana haja ya kungoja mpaka matibabu mengine yote yashindwe ndipo huduma hii iitwe.

Tugeukie sasa morfini yenyewe, maana polisi na askari wana sehemu yao katika habari hii. Morfini si dawa ngeni kwa majeshi. Katika Vita Kuu ya Pili waganga wa vikosi waliibeba mifukoni ili kuwapa majeruhi uwanjani. Mganga hakumwuliza majeruhi kama atapona ndipo ampe. Alimpa kwa sababu alikuwa anaumia. Morfini ya wagonjwa wa saratani mara nyingi ni ya maji, hunywewa kwa mdomo, kwa kawaida kila baada ya saa nne, ikianza kwa kipimo kidogo na kuongezwa taratibu mpaka maumivu yatulie. Ikitumiwa hivyo kwa uangalizi wa mganga, haimharakishi mtu kufa wala haimgeuzi kuwa mlevi. Siku za kwanza huleta usingizi, na hufunga choo, kwa hiyo hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Serikali ya Rwanda yenyewe hutengeneza morfini ya maji kwa ajili ya hospitali zake. Uganda nayo, tangu mwaka 2004, imewaruhusu kisheria wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika, kwa sababu madaktari hawatoshi vijijini.

Ni kweli kwamba morfini yaweza kutumiwa vibaya, na polisi wana wajibu wa kuilinda nchi na madawa ya kulevya. Lakini Mkataba wa mataifa wa mwaka 1961 unaohusu madawa hayo, ambao ndio msingi wa sheria za nchi nyingi, unakiri tangu utangulizi wake kwamba dawa hizi hazina budi kupatikana kwa ajili ya kutuliza maumivu. Sheria ina mikono miwili: mmoja huzuia, mwingine huruhusu. Basi polisi aliye kwenye kizuizi cha barabara, akikuta chupa ya dawa mkononi mwa mtoto wa mgonjwa, na aitazame karatasi ya hospitali, asome jina na kipimo, aulize hospitali iliyotoa ikiwa ana shaka. Akiikuta halali, airudishe upesi. Chupa ile ikikaa mezani kituoni usiku kucha, kuna mtu kilimani ambaye hatalala usiku kucha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 wanahitaji tiba ya kutuliza, na kwamba ni kiasi cha asilimia 14 tu wanaoipata. Wengi wa wanaoikosa wako katika nchi kama zetu. Hawaikosi kwa kuwa imeshindikana. Dawa yenyewe ni ya bei ndogo. Wanaikosa kwa sababu ya woga, ya kutojua, na ya njia ndefu kati ya hospitali na mlango wa mgonjwa.

Wazee walisema, mficha maradhi kilio humwumbua. Yatupasa, basi, kila mmoja mahali pake, kulifanya jambo hili liwe la kusemwa. Kamanda ambaye askari wake amepata habari kwamba mzazi wake hana muda mrefu, na ampe ruhusa mapema, wakati mzazi bado anaweza kuzungumza naye, asingoje kutoa ruhusa ya mazishi. Siku tatu za mazungumzo zina faida kuliko siku kumi za matanga. Askari aliyepewa ruhusa hiyo, akifika nyumbani, asianze kwa kutoa amri. Aketi karibu na kitanda, aulize mgonjwa anaogopa nini, anataka nini, na mambo gani ya shamba, ya deni au ya ugomvi wa zamani angependa yamalizwe. Halafu asikilize. Na askari anayeugua mwenyewe na ajue kwamba kumwambia mganga wa kikosi ukweli wa maumivu yake si kuvunja kiapo chake.

Jeshi lenye heshima halimwachi majeruhi wake uwanjani, hata kama mganga amekwisha kuona kwamba jeraha halitapona. Humbeba, humfunika, humpa maji, na mmoja wa wenzake hukaa naye. Hakuna anayesema kwamba jeshi hilo limesalimu amri kwa kufanya hivyo. Mgonjwa wa saratani naye ni majeruhi. Akijua kwa hakika kwamba hataachwa, atakuwa amepata sababu ya kuikubali huduma anayopewa; na hakika hiyo haiwezi kutoka katika dawa peke yake, bali hutoka kwetu sisi tulio karibu naye.